Mstari Uliopanda Vizuri Mno

Walimleta msichana akiwa amebebwa mgongoni. Mama yake alikuwa amekwenda kumchukua huko Masisi, kwenye shule ya bweni ya mamasere, yaani masista, na walikuwa wakirudi kwao Ntoto kwa miguu. Walipofika Nyabiondo msichana alianguka kwenye kona ya barabara, chini kidogo ya dispanseri yetu. Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia maharagi aliacha jembe lake, akambeba mpaka barazani na kumlaza juu ya benchi la wagonjwa. Kabla ya kurudi shambani alinitazama akasema, "Dada, huyu mutoto haiko na uzito hata ya mufuko ya mihogo mikavu."

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, msaidizi wa muuguzi, mzaliwa wa Kirolirwe, kwenye familia iliyolima maharagi pembeni mwa malisho ya ng'ombe wa watu wengine. Dispanseri ilikuwa na vyumba viwili na, nyuma yake, nyumba ya udongo yenye vitanda vitatu. Tulifanya kazi wawili tu: mimi na muuguzi mzee ambaye mlima mzima ulimwita Papa. Alikuwa hapo tangu wakati wa Wabelgiji, na alisema kidogo.

Lazima nieleze nilivyokuwa, maana bila hayo yaliyofuata hayaeleweki. Sikuweza kukaa. Nilichemsha sindano, kisha nikazichemsha tena kwa sababu nilikuwa nimegeuka kidogo kutazama nje. Katika kitabu cha wagonjwa, nikikosea neno moja nilichana ukurasa na kuunakili upya wote, hata Jumapili baada ya misa. Papa aliniuliza siku moja ninamwandikia nani. Nikasema ni kwa ajili ya daktari anayepita kukagua. Yule daktari alikuwa amepita mara mbili tangu uhuru, na mara zote mbili hakufungua kitabu. Nilikula nikiwa nimesimama, kazi ikiisha, na kazi haikuisha. Watu walisema mimi ni mchapakazi, nami niliamini hivyo.

Papa alimpima yule msichana kwa utulivu wake wa kawaida. Alisikiliza kifua, akabonyeza bandama, akatazama macho na ulimi. Mikono ya msichana ilikuwa imeota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, na ingawa jua lilikuwa limewaka alikuwa amejifunga vikwembe viwili na bado alitetemeka. Mama yake alitusogelea, akasema kwa sauti ya chini ili binti asisikie.

"Walimulisha sumu kule masomoni, Papa. Wanamuchukia juu iko wa kwanza kila mwaka. Hata mambo ya mwezi ya wanamuke, haione tena."

"Tutaona," alisema Papa.

Alimpa dawa ya minyoo. Alimpa kinini, dawa ya malaria. Siku tatu zikapita na hakuna kilichobadilika, isipokuwa kwamba nilianza kumtazama akila. Alilikata tonge la bugali vipande vidogo kama punje za mahindi, akavipanga kwenye ukingo wa sahani, akavihamisha upande mmoja, akavirudisha. Mama yake akigeuka, vipande vilikwenda chini ya mkeka. Nilipouliza, alijibu kwa adabu: "Nitakula, dada, kisha kumaliza hii." Alichokuwa akimaliza ni kaye yake, daftari la shule. Alinakili masomo ya mwaka mzima kutoka kwenye kaye moja kwenda nyingine. Niliitazama ile mpya. Haikuwa na kosa hata moja, wala mahali palipofutwa, na herufi zote zilisimama wima. Mbele ya macho yangu alifika katikati ya ukurasa, mkia wa herufi moja ukapinda, akachana ukurasa ule polepole na kuanza upya.

Nilitoka nje. Nilizunguka nyumba mara mbili, sijui nilikuwa natafuta nini.

Papa alipokubali kwamba si minyoo wala kifua, nilimwambia aniachie mimi. Nilikuwa na hakika. Tulikuwa na mizani ya chuma ya kupimia watu wazima, yenye kipande cha kusogeza juu ya mkono wake, nayo haikutumika sana. Niliisafisha kwa mafuta. Nikachukua karatasi ya miraba na kuchora siku chini, kilo pembeni. Kila asubuhi msichana angepanda, ningeandika, na jioni ningeongeza uji: kijiko kimoja zaidi, kisha viwili. Nilimweleza kama mwalimu anavyoeleza hesabu. Alisikiliza kwa makini sana. Aliuliza mstari utatakiwa kufika wapi kabla ya mwezi kwisha, nami nikamwekea alama nyekundu.

Na mstari ukapanda. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku mraba mmoja. Nilibandika karatasi ukutani karibu na kabati la dawa. Kila nilipopita, na nilipita mara nyingi bila sababu, niliitazama. Wiki ya pili nilimwita Papa aje aone. Alivaa miwani yake, akasimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Muntu gani ananenepa kwa rula?" aliuliza.

"Anafuata maagizo, Papa."

"Njo vile ninaona. Lakini mashavu yake hayafuate."

Nilikasirika. Nilifikiri ni wivu wa mzee. Lakini neno lake halikuniacha, na asubuhi iliyofuata, kabla ya saa ya kupima, nilishuka njia ya chemchemi nikijiambia nakwenda kuchota maji. Nilimkuta. Alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la mwanzi, anakunywa kwa kibuyu, anajaza na kunywa tena, macho ameyafumba, maji yakimwagika kifuani. Alipomaliza aliinama kando na kutapika kidogo, akasubiri, kisha akajaza tena. Kwenye pindo la kikwembe chake kulikuwa na fundo. Nilipolifungua nilikuta mawe matatu ya mtoni, yaliyochaguliwa vizuri, moja dogo kuliko jingine.

Nilimkemea. Nina aibu kuyakumbuka maneno yote, lakini nilimwambia mwongo, nikamwambia anaichezea kazi yangu. Alisimama wima mbele yangu kama aliyeitwa ubaoni, maji yakimdondoka kidevuni.

"Dada, ulipenda mustari upande," alisema. "Nilikupandishia."

Hakusema kwa jeuri. Alikuwa akinieleza. Nilimpa somo, naye alilifanya bila kosa.

Siku ile sikufanya kazi. Nilipanda mlima wa nyuma, kati ya mashamba ya watu, nikashuka, nikapanda tena. Nilifikiri kuomba kuhamishwa. Nilifikiri kumrudisha kwa mamasere, kumpeleka hospitali kubwa, kumkabidhi kwa mtu yeyote. Niliporudi, Papa alikuwa ameketi barazani akimenya kiazi kilichochemshwa. Nilianza kumsimulia nikiwa nimesimama, maneno yakikimbizana. Alinyanyua mkono.

"Na wewe umekula nini leo?"

Sikuwa nimekula. Na jana yake nilikula nini? Sikukumbuka. Alinipa nusu ya kiazi, akasogea ili nikae, nami nikakaa. Kile kiazi kilinishinda kumeza kwa haraka, ikabidi nibaki pale.

"Mimi sijui hii maladi ya huyu mutoto," alisema Papa. "Kwa kitabu yangu haiko. Lakini kama dawa inamusaidia mugonjwa kuficha, tunaacha ile dawa."

Kesho yake niliondoa karatasi ukutani. Mizani niliiweka nyuma ya mlango wa stoo, uso wake ukitazama ukuta, nikaiwekea kikapu cha bandeji juu. Msichana alikuja saa ya kupima kama kawaida, akakuta mahali patupu, akashtuka. "Sasa nitajua ginsi gani kama niko nafanya muzuri?" aliuliza. Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijawahi kumwambia mgonjwa neno hilo.

Sikuwa na mpango. Nilianza na kitu kimoja nilichokiona kwetu utotoni: sahani moja. Mimi, mama yake na yeye tulikaa chini kuzunguka sahani moja ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, mikono mitatu. Nilimwomba mama yake asiseme neno "kula", hata mara moja. Kwake hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba mzigo mpaka Ntoto. Aliuma mdomo, akazungumza juu ya mvua, akazungumza juu ya mbuzi wa jirani, na macho yake hayakuondoka kwenye vidole vya binti. Kwangu kazi ngumu ilikuwa kukaa. Miguu iliniwasha. Nilisikia chungu kikichemka, mlango ukigongwa, mtu akikohoa barazani, na kila sauti ilikuwa inaniita mimi. Nilikaa. Siku ya kwanza alitia mkono mara nne. Siku ya pili mara mbili. Nilijikataza kuhesabu, na bado nilihesabu.

Kisha nikaunguza maharagi. Sikukusudia, niliitwa kufunga kidonda cha mtu aliyejikata na panga, na niliporudi chungu kilikuwa kinatoa moshi. Siku nyingine ningemwaga na kupika upya. Lakini njaa ilikuwa imetushika, na mama yake alikwishapakua. Tulikula. Yalikuwa mabaya kweli, na ladha ya mkaa ilikaa kooni. Mama yake alionja, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Mama dispanseri, hata wewe," alisema. Msichana alitazama uso wangu ili aone nitafanya nini. Sikufanya kitu. Nilitia tonge jingine mdomoni.

Hapo nilipata wazo, na nikalisema kabla sijaliogopa: kila siku kila mmoja wetu atafanya kitu kimoja vibaya na kukiacha hivyo mpaka jua lizame. Mama yake alifagia nusu ya ua. Mimi niliandika kosa katika kitabu cha wagonjwa, nikalipiga mstari mmoja tu na kuendelea. Kosa lile lilinitazama siku nzima kama jicho. Zamu ya msichana ilifika alipokuwa akimwandikia baba yake barua. Alikuwa bado mstari wa tatu wino ulipodondoka, doa kubwa kama ukucha. Mkono wake ulikwenda kuchana karatasi. Nilisema, "Hapana. Njo hii itakwenda, na doa yake."

Alisimama. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Alilia bila sauti, akisema baba atafikiri ameharibika. Nilitembea pamoja naye, sisi wawili katika chumba kile kidogo, tukipishana. Mwishowe aliikunja, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akishuka Ntoto na chumvi aliichukua. Baada ya siku nyingi alirudi. Baba alimtuma aseme barua ilifika, nyumba iko salama, nao wakirudi walete mbegu za maharagi ya Masisi.

"Hakusema kitu juu ya wino?" aliuliza msichana.

"Wino gani?" alisema yule mwanaume.

Msichana akaniangalia mimi, kama niliyemwibia kitu.

Ni baada ya hapo alipoanza kuzungumza. Tulikuwa tunachambua maharagi barazani. Aliniambia jambo lilianza wakati wa Kwaresima. Wasichana wote walifunga, na yeye aliona anaweza kuliko wengine. Alisifiwa kwa roho yake ya nguvu. Pasaka ilipofika wenzake wakala nyama, yeye akaendelea.

"Kwa diktee, wakati masere anasoma na sisi tunaandika, muntu anaweza kukosea," alisema. "Kwa kuimba, kwa kushona. Hata kwa kula, nikikula naona nimekula mingi ao nimekula mubaya. Lakini kukosa kula, dada, hakuna kosa pale. Njo kitu moja nilijua kufanya kabisa."

Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagi. Nilimuuliza anaogopa nini ikiwa atakosea. Alichambua konzi moja ya maharagi. Kisha akasema kwamba Ntoto, kila likizo, watu wote walimsalimia "Mwalimu". Baba yake alikuwa ameutangazia mji kwamba huyu atakuwa msichana wa kwanza wa kwao kufundisha. Hata wazee walisimama kumpa mkono. "Na mimi siko mwalimu," alisema. "Siko bado kitu."

Nilidhani tumepona. Sivyo. Msimu ule habari za mapigano zilikuwa mbaya. Watu walipita barabarani na magodoro kichwani, wengine wakipanda, wengine wakishuka, na kila mmoja alikuwa na uvumi wake. Msichana aliacha kula tena kwa siku tatu. Mwili wangu wote ulitaka kwenda stoo, kwenye mizani. Nilifika mpaka mlangoni. Nilishika kikapu cha bandeji. Papa alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nikarudisha kikapu. Siku hizo tatu niliketi na sahani katikati yetu, tukitazama ikipoa. Ya nne alichukua kipande cha kiazi kitamu, akakila chote akiwa amenipa mgongo. Sikumshukuru wala sikumsifu, ingawa sifa ilikuwa imenijaa mdomoni.

Barabara ilipotulia kidogo mama yake alitaka kwenda. Niliomba ruhusa kwa Papa niwasindikize. Tulitembea siku mbili, tukiiacha milima na baridi yake, tukishuka kwenye msitu wa Walikale ambako hewa inakushika shingoni. Mama alitangulia na mbegu kichwani. Binti alitembea polepole, akipumzika mara kwa mara, na kadiri tulivyokaribia alizidi kurekebisha kitambaa chake cha kichwa. Alikifunga, akakifungua, akakifunga upya. Mwishowe nami nilianza kujirekebisha kola yangu.

Baba yake alikuwa njiani na watu kadhaa. Alikuwa mrefu, mwenye suruali iliyofumuka gotini. Alimtazama binti yake, na niliona anataka kulia na hataki watu waone. Mzee mmoja alinyoosha mkono. "Karibu, Mwalimu."

Msichana aliushika ule mkono. "Sikumaliza, mzee," alisema. "Nilikuwa mugonjwa. Sikumaliza mwaka."

Yule mzee alisema, "Ah, pole," akamuuliza kama njia ilikuwa na tope. Ilikuwa hivyo tu. Hakuna aliyeanguka kwa mshtuko.

Nyumbani walituletea makemba, ndizi za kupika, na samaki wa mtoni. Watu walikaa karibu, wengi kuliko nilivyotaka. Alikula nusu. Kisha, badala ya kuficha kilichobaki, alisogeza sahani katikati na kusema mbele ya wote, "Nimeshindwa hii ingine." Dada yake mdogo akaichukua na kula. Mimi niliangalia pembeni kwa sababu macho yalinichoma.

Hakurudi kwa mamasere. Nilisikia alianza kuwafundisha watoto kusoma kwenye kanisa dogo la miti, na kwamba alipata kuugua tena mvua zilizofuata, akakonda, mama yake akakaa naye kwenye sahani moja mwezi mzima bila kusema lile neno. Walikuja wengine kama yeye kwangu baadaye. Kijana aliyetaka kuwa padri. Mke wa mwalimu, mjini Masisi, ambaye sikumsaidia kitu. Nilikaa naye, nilinyamaza, nilifanya yote niliyojifunza, na akafa. Kwa muda mrefu nilitafuta kosa langu kwa huyo, usiku na mchana, na bado sijaacha kabisa.

Wakati wa kiangazi kilichofuata mvua zile nilishuka tena Ntoto kumtazama msichana. Nilikuta amekwenda shambani. Mama yake alinipa kigoda na maji, akasema atarudi jua likiinama. Niliketi. Nilijua kukaa, sasa. Lakini nilikuwa nimeahidi Nyabiondo kwamba siku ya chanjo nitakuwepo, na njia ilikuwa ndefu, na mawingu, na miguu yangu. Niliaga kabla hajafika.

Nilikutana naye njiani, katikati ya kilima, akiwa na kikapu cha mihogo mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Alikuwa amejaza kidogo mabegani. Hakuutua mzigo, wala mimi sikumwambia autue. Alinipa mkono wenye udongo.

"Unakulaka?" nilimuuliza. Neno lilinitoka kabla sijalizuia.

Alicheka. "Siku zingine. Siku zingine ninashindwa, namwambia mama nimeshindwa." Alisogeza kamba kwenye paji la uso. "Na wewe, dada? Mbona unakimbia?"

Nikamwambia ni juu ya chanjo, na mawingu. Akasema mvua haitanyesha leo, nisihangaike. Kisha akapanda, nami nikashuka.